Pampu ya inchi moja, seti nne za vipuri: tuchukue ipi?

SWALI

Mimi ni msimamizi wa kiwanda kidogo cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti hapa Singida. Tuna pampu ya diaframu mbili (viwambo vya mpira vinavyosukuma mafuta) inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, midomo ya inchi 1, mwili wa aluminiamu. Kazi yake ni kuhamisha mafuta ghafi yakiwa bado na joto kwenda tangi la kusafishia, na mara mojamoja tunavutia maji ya kostiki (kostiki soda). Ilipoanza kutema mafuta kwenye mafla, pale upepo unapotokea, fundi alikwenda Dar es Salaam akanunua seti ya diaframu za inchi 1. Imedumu wiki tatu. Tulipofungua tena tulikuta diaframu zimevimba na kulegea, hazikai tena mahali pake. Zina kitone cha bluu, sijui kama kina maana. Sasa muuzaji mwingine anasema ana seti nne zinazoingia pampu hiyo: nyeusi yenye kitone cha bluu, nyeusi yenye kitone chekundu, ya rangi ya krimu, na nyeupe ngumu inayofungwa pamoja na mpira mwingine nyuma yake. Bei zimepishana mno. Bati la jina la pampu limefutika. Tuchukue ipi?

JIBU

Ndugu yangu, hizo diaframu zilizovimba msizitupe. Zifuteni mafuta kwa kitambaa, mziweke mezani penye mwanga, maana zimebeba zaidi ya nusu ya jibu lako. Mpira uliochoshwa na kazi hupasuka. Mpira uliokutanishwa na kimiminika kisicho chake huvimba, ukalainika, ukawa kama andazi lililozama kwenye chai. Wiki tatu ndani ya mafuta ya alizeti ya moto, kuvimba, kulegea, na kitone cha bluu juu yake: fundi wako aliuziwa mpira wa aina ya EPDM.

Kitone hicho kina maana. Kwa desturi ya Wilden, kampuni ya kutengeneza pampu hizi, ambayo utaikuta pia kwenye baadhi ya vipuri mbadala, bluu ni EPDM, nyekundu ni nitraili ambayo wengine huiita Buna-N, na kijani ni neoprini. Ile ya krimu ni jamii ya Hytrel, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ambayo Wilden huiuza kwa jina la Saniflex. Nyeupe ngumu ni teflon, yaani PTFE, na huo mpira wa nyuma ni mgongo wake, kwa sababu teflon peke yake haina mnyumbuko wa kutosha. Lakini rangi ichukulie kama dalili tu. Kampuni nyingine zina alama zao, na zipo ambazo hazina alama kabisa. Mtake muuzaji aandike jina la mpira kwenye risiti.

EPDM si mpira mbaya, na sipendi kusikia mafundi wakiusema vibaya. Kwa maji ya moto, kwa kostiki, kwa jiki, kwa asidi nyingi zilizochanganywa na maji, ni wa kuaminika kabisa. Ninadhani aliyekuuzia alisema ni "ya kemikali", na hakudanganya. Tatizo ni kwamba EPDM na mafuta vinavutana kikemia, kwa hiyo mafuta hayaishii juu ya mpira, yanapenya hadi ndani na kuutanua. Ni hivyo kwa dizeli, kwa oili ya injini na kwa mafuta ya kula. Nitraili nayo imetengenezwa kwa akrilonitraili, sehemu inayoyakataa mafuta, na ndiyo maana oringi (pete za kuzibia) nyingi za mitambo ya oili ni za nitraili. Kwa hiyo ile seti ya kitone cha bluu iondoe kwenye hesabu sasa hivi, hata wakikupa kwa nusu bei.

Kosa la kwanza lilikuwa kununua kwa inchi. Inchi 1 inakueleza bomba gani litaingia kwenye pampu, basi. Haikuelezi kiwambo kina upana gani, shafti ina urefu gani, wala mtambo wa kugawa upepo ni wa kizazi kipi. Pampu za namna hii zilianzia kwa Jim Wilden, California, mwaka 1955, na tangu wakati huo zimetengenezwa na kampuni nyingi: ARO, Sandpiper, Graco, Yamada na nyinginezo. Ukiziweka pamoja sakafuni zinafanana kama watoto wa tumbo moja, lakini vipuri haviingiliani. Hata ndani ya kampuni moja mambo hubadilika. Pampu ya Wilden ya inchi 2 inaweza kuwa T8 au P8. Mwenye haraka ataziona ni pampu moja, kumbe T ni mfumo wa upepo wa Turbo-Flo na P ni Pro-Flo, na sehemu za kugawa upepo ni tofauti.

Hilo nimejifunza kwa gharama. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii nilitumwa kununua vipuri vya upande wa upepo vya pampu ya inchi 2 katika kiwanda cha sabuni. Nilitaja inchi, nikataja jina la kampuni, nikalipa. Siku ya kufunga, gasketi haikulingana na matundu hata moja. Kiwanda kilisimama siku nne tukisubiri seti nyingine, na vibarua walirudi nyumbani bila ujira wa siku hizo. Tangu hapo sinunui bila namba ya kipuri mkononi.

Sasa tuingie ndani ya pampu kidogo, kwa sababu neno "seti" lenyewe lina mtego. Pampu yako ina vyumba viwili, kulia na kushoto, na diaframu mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Upepo ukiingia nyuma ya diaframu moja, inasukuma mafuta nje. Wakati huohuo shafti inaivuta ya pili, nayo inanyonya. Mwisho wa mwendo, vali ya katikati inageuza upepo, kazi inarudi upande wa pili. Gololi nne, mbili chini na mbili juu, zinazuia mafuta yasirudi. Kwa hiyo kuna upande wa kimiminika na upande wa upepo, na kila upande una seti yake. Ukimwambia mtu wa dukani "nipe ripea kiti", anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili akawa amekutimizia.

Ninyi mnahitaji ya upande gani? Mafuta yakitoka kwenye mafla, diaframu imetoboka au imeachia ukingoni, na hiyo ni seti ya upande wa kimiminika. Lakini mafuta yaliyopita hapo yalipita kwenye vali ya upepo na kwenye sili za shafti. Mafuta ya alizeti yakikaa huko na hewa huganda, yakawa kama vanishi yenye kunata. Kwa hiyo ifungueni vali ya upepo, isafisheni, mziangalie sili zake. Zikiwa zimevimba au zina mikwaruzo, agizeni na seti ya upepo. Zikiwa nzima, hifadhini pesa yenu.

Kuna jaribio dogo ambalo nawaomba mlifanye kabla ya kuagiza, ikiwa pampu bado inaweza kuzunguka na laini ya kutolea ina vali. Wekeni upepo mdogo, tuseme bar 2, pampu ifanye kazi, kisha fungeni vali ya kutolea. Pampu hizi hazidhuriki kwa kufungiwa njia. Ikiwa nzima itasimama kimya. Ikiendelea kupiga polepole, mafuta yanarudi chini ya gololi, maana yake gololi au vikalio vyake vimeisha. Ikisimama lakini upepo unapuliza mfululizo kwenye mafla, ugonjwa uko kwenye vali ya upepo au sili za katikati. Dakika tano za jaribio hili zinawaambia mtoe pesa ya seti moja au mbili.

Kuhusu bati lililofutika. Anzeni na karatasi: risiti ya zamani, boksi lililobaki stoo, kijitabu kilichosahaulika kwenye droo ya mhasibu. Visipopatikana, ifungueni pampu msome vipuri vyenyewe. Diaframu nyingi zina namba ya kipuri iliyochorwa kwenye mpira, na namba hiyo ina thamani kuliko maelezo ya mtu yeyote. Si za hii seti ya juzi, bali zile za kwanza zilizokuja na pampu, kama bado zipo. Namba zilizo kwenye mwili wa aluminiamu andikeni pia, ila mjue kwamba hizo kwa kawaida ni namba za kipande hicho, si jina la pampu. Tazameni vyumba vimefungwa kwa nini: mikanda ya chuma yenye bolti mbili ni dalili moja, bolti zilizozunguka ukingo mzima ni dalili nyingine, na kama ni bolti, zihesabuni. Kisha pigeni picha ya vali ya upepo kwa mbele na kwa ubavu. Mtu anayezijua pampu hizi ataitambua kampuni na kizazi chake kwa sura ya vali hiyo kabla hajasoma chochote.

Halafu vipimo, na hapa watu wengi hukosea. Msipime diaframu iliyovimba. Imetanuka, itawadanganya kwa milimita kadhaa. Pimeni mfereji wa mwili ambamo ukingo wa diaframu unakaa, kwa sababu chuma hakikuvimba. Vivyo hivyo kwa gololi: kama ni ya mpira na imeonja mafuta, pimeni kikalio chake badala yake. Chukueni urefu wa shafti, unene wake, na aina ya nyuzi zake za skrubu. Tumieni venia, si futi kamba ya fundi seremala.

Sasa mpira. Swali la kwanza nitakalokuuliza ni joto la mafuta, na nataka lile lililopimwa kwenye mdomo wa pampu, si kwenye geji ya tangi. Mafuta yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kukamua yanaweza kuwa ya moto kuliko mnavyodhani. Kwa mipaka inayotolewa na Wilden, nitraili huishia nyuzi 82 za Selsiasi, Hytrel 104, na PTFE 104. EPDM inafika hadi 138, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanaona inavumilia joto kubwa, wanasahau kuuliza joto la kitu gani. Tena mipaka hiyo ni ya kimiminika kisichoushambulia mpira. Ukikaribia mpaka, maisha ya kipuri yanapungua. Mimi kwa nitraili naanza kusita mafuta yakipita nyuzi 70.

Swali la pili ni chakula. Haya mafuta yataishia kwenye sufuria za watu. Nitraili nyeusi ya viwandani inavumilia mafuta vizuri kabisa, lakini kuvumilia mafuta ni jambo moja na kuruhusiwa kugusa chakula ni jambo lingine. Ipo nitraili iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na nyingi ya hizo ni nyeupe. Ile nyeusi yenye kitone chekundu msiichukue kwa kazi hii bila cheti. Mwambieni muuzaji awape tamko la mtengenezaji kwamba mpira unafaa kugusa chakula. Kwa mpira unaotumika mara kwa mara kwenye chakula, kifungu kinachotajwa sana ni 177.2600 cha kanuni za Marekani, na kwa Ulaya ni kanuni namba 1935 ya mwaka 2004. Kwetu, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na karatasi hiyo mkiwa nayo kwenye faili siku ya ukaguzi mtalala usingizi. Na msisahau grisi. Shafti na vali ya upepo zipakwe grisi ya daraja la H1, ile iliyokubaliwa kwa mahali inapoweza kugusana na chakula kwa bahati mbaya, kwa sababu diaframu ikitoboka grisi hiyo itakwenda kwenye mafuta.

Kwa hiyo, kama pampu hii ingekuwa inavuta mafuta peke yake, ningekwambia bila kusita: chukueni ile ya krimu, yenye tamko la chakula, pamoja na gololi zinazolingana nayo. Hytrel inakaa vizuri na mafuta, na inastahimili kukunjwa na kukunjuliwa kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo kazi yote ya diaframu. Udhaifu wake ni maji ya moto sana, asidi na kostiki, ambavyo huukata mpira huo pole pole hadi unakuwa mkavu na kupasuka.

Na hapo ndipo nilipoona sentensi yako moja iliyonitia hofu: mara mojamoja tunavutia maji ya kostiki.

Acheni leo. Sizungumzii mpira tena, nazungumzia mwili wa pampu. Kostiki inayeyusha aluminiamu. Inapoiyeyusha inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto, na ndani ya pampu iliyofungwa vali pande zote gesi hiyo haina pa kwenda. Nimeona vyumba vya aluminiamu vilivyopitishiwa kostiki: ndani vimekuwa vya kijivu, vya kukwaruza, vimejaa vitobo vidogo kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Ukifunga diaframu mpya juu ya ukingo wa namna hiyo, haizibi. Mtailaumu seti, mtanunua nyingine, na hiyo nayo itavuja.

Pengine muuzaji atakushauri: basi chukua ile nyeupe ya teflon, inavumilia vyote. Ni kweli, PTFE inavumilia mafuta na kostiki pia. Lakini mtakuwa mmenunua kipuri cha bei kubwa mkakiweka ndani ya mwili unaoliwa. Diaframu itabaki, nyumba yake itakwisha. Isitoshe, mafuta yaliyosalia ndani ya pampu yakikutana na kostiki hugeuka sabuni, na sabuni hiyo hugandisha gololi kwenye vikalio. Kama mmewahi kuona pampu inakataa kunyonya siku moja baada ya kazi ya kostiki, sababu inaweza kuwa hiyo.

Ushauri wangu ni kutafuta pampu ya pili, ndogo, ya plastiki ya polipropilini, hata ya nusu inchi, iwe ya kostiki peke yake. Humo EPDM ya kitone cha bluu ndiyo mahali pake haswa. Ichoreni kwa rangi nyingine, na midomo yake iwe na viunganishi tofauti ili hata kijana wa zamu ya usiku asiweze kuifunga kwenye laini ya mafuta. Najua ni gharama ambayo hamkuipangia. Lakini pampu ya aluminiamu ikipasuka na kumrushia mtu kostiki ya moto usoni, macho hayauzwi dukani.

Kabla ya kuagiza, basi, ingizeni tochi kwenye vyumba vyenu na kupitisha ukucha kwenye ukingo unaobana diaframu na kwenye vikalio vya gololi. Ukucha ukikwama, mnahitaji vyumba vipya au pampu mpya, na hakuna seti itakayowaokoa.

Turudi kwenye seti ya krimu na kilichomo ndani ya boksi. Seti kamili ya upande wa kimiminika kwa kawaida ina diaframu mbili, gololi nne, na vikalio vinne au oringi za vikalio. Nasema kwa kawaida kwa sababu zipo seti zinazouzwa bila vikalio, na bei yake ndogo inatokana na hapo. Hesabuni mkiwa dukani. Ulizeni pia gololi ni za nini, kwa sababu inawezekana kupata diaframu ya Hytrel na gololi za EPDM ndani ya boksi moja, na gololi iliyovimba inabana kwenye kikalio na kuacha kupanda.

Mkilazimika kwenda kwenye teflon, jueni kwamba seti yake ina diaframu mbili za teflon na mbili za mgongo, jumla nne, na teflon ndiyo inayotazama mafuta. Zaidi ya hapo, kwenye pampu nyingi PTFE haisafiri mbali kama mpira. Mwendo wake ni mfupi, kwa hiyo shafti yake huwa tofauti, na wakati mwingine sahani zinazoibana pia. Ukiifunga kwenye shafti ya mpira inavutwa kupita uwezo wake, inapasuka kuzunguka kitovu. Ulizeni swali hili waziwazi: nikihama kutoka mpira kwenda teflon kwa pampu hii, nabadilisha shafti? Muuzaji anayejua kazi atajibu papo hapo au atafungua kitabu. Anayesema "zote zinaingia" mwacheni. Jambo jingine, teflon hupunguza nguvu ya kunyonya pampu ikiwa kavu, kwa hiyo kama tangi lenu liko chini ya pampu mtaona tofauti.

Zitazameni tena diaframu za zamani kwa ajili ya magonjwa mengine, maana kuvimba kunaweza kuficha ugonjwa wa pili. Mpasuko wa duara kuzunguka sahani ya katikati unatokana na uchovu, presha kubwa ya upepo, au ukingo wa sahani wenye makali. Pitisheni kidole kwenye sahani, na kama inakwaruza isugueni kwa msasa laini. Tundu moja lenye kingo zilizochanika ni kitu kigumu kilichopita, ganda la alizeti lenye kokoto au kipande cha waya, na dawa yake ni chujio kwenye mdomo wa kunyonyea. Ukingo uliovutwa ukatoka kwenye mfereji wake unasema mafuta yanaingia kwa presha kubwa mno. Wilden wanaonya presha ya kuingilia isizidi bar 0.7. Kwa mafuta ya alizeti, ambayo ni mepesi kidogo kuliko maji, hiyo ni sawa na kimo cha mita 7 na nusu hivi juu ya pampu. Tangi lenu la juu likipita hapo, diaframu inasukumwa hata pampu ikiwa imelala.

Kuhusu vipuri halisi na mbadala, sina chuki na mbadala. Gololi na vikalio vya mbadala nimevitumia miaka mingi bila majuto, mradi vipimo viwe sawa. Kwenye diaframu ndipo ninapokuwa mgumu, kwa sababu ndani ya mpira kuna kitambaa cha kuimarisha na mchanganyiko usioweza kuuona kwa macho. Mkinunua mbadala, kubalianeni kwanza na muuzaji kuhusu kurudisha, kisha fanyeni jaribio lifuatalo. Pimeni diaframu upana wake, muipime uzito kwa mizani ya sonara, halafu muiloweke nzima ndani ya mafuta yenu wenyewe, kwenye joto lilelile la kazi, saa 72. Itoeni, muifute, mpime tena. Mabadiliko madogo si neno. Ikiwa imenenepa hadi haikai kwenye mfereji wake, imejifunua kabla haijafungwa. Diaframu sahihi haidhuriki kwa kulowekwa, kwa hiyo hampotezi kitu isipokuwa siku tatu.

Ujumbe wa kumpelekea muuzaji uwe na mambo haya yote mahali pamoja: picha ya pampu nzima na ya vali ya upepo, namba mlizozisoma, upana wa mfereji, urefu wa shafti, kwamba ni mafuta ya alizeti ghafi ya kula, joto mlilopima, presha ya upepo mnayotumia, na idadi ya saa pampu inafanya kazi kwa siku. Andikeni pia kwamba kostiki haitapita humo tena. Kisha mtake akutajie kampuni, jina la pampu, namba ya seti, mpira wa diaframu, mpira wa gololi, mpira wa oringi. Namba hiyo ichoreni kwenye kipande cha bati kwa patasi ndogo, mkifunge kwenye mguu wa pampu, bati la zamani lisiwatese tena.

Siku ya kufunga, upepo ukatwe na hozi itolewe kabisa kwenye pampu, si kufunga vali tu. Diaframu nyingi zina maandishi yanayoonyesha upande wa upepo na upande wa kimiminika. Yafuateni hata kama jicho linasema vingine. Bolti zikazwe kwa kupokezana, moja na ya mkabala wake, kwa spana ya toki na kipimo cha kitabu cha pampu hiyo. Pampu ikishafanya kazi siku moja na mafuta ya moto na kupoa, zikazeni tena ikiwa baridi na bila upepo, kwa sababu mpira mpya hukaa na bolti hulegea. Halafu wekeni karatasi nyeupe chini ya mafla kwa wiki ya kwanza, muitazame kila zamu inapopokezana. Unyevu kidogo wa maji ni wa kompresa. Likionekana doa la mafuta, isimamisheni pampu saa hiyohiyo, nipigieni picha ya diaframu pande zote mbili, na mniandikie tena.